Ashihara: Msee wa Karate Aliyekataa Kusimama Mbele ya Ngumi

Wasee, tuanze na swali rahisi. Lori la mananasi linakuja na kasi pale barabara ya Garissa, na wewe uko katikati ya lami. Utafanya nini? Hakuna mtu atakunja ngumi alingoje. Utaruka kando, lipite, maisha yaendelee.

Kuna jamaa alichukua hiyo akili ya kawaida akaipeleka kwenye karate ya kuchapana kikweli, ile ya bila glavu. Ikampa jina, ikamletea ngori, na mwisho ikazaa karate yake mwenyewe. Anaitwa Hideyuki Ashihara. Aliaga kitambo, mwaka wa 1995, lakini kama unafanya mazoezi kwa dojo yoyote kuanzia Makongeni hadi Ruiru, stori yake inakuhusu.

Mtoto wa kisiwani

Ashihara alizaliwa Desemba 5, 1944, Nomi, kisiwa kwenye ghuba ya Hiroshima, Japani. Piga hesabu. Agosti 6, 1945, Marekani ilipoangusha bomu la atomiki mjini Hiroshima, yeye alikuwa mtoto wa miezi nane, ng'ambo tu ya maji. Alikulia nchi ikiwa imelala chini, kila mtu anasota. Kama vijana wengi wa ushago, akatoka mapema akaenda jiji kubwa kusaka maisha. Jiji lenyewe Tokyo.

Septemba 1961, akiwa na miaka 16, akaingia dojo ya Masutatsu Oyama. Huyo buda hakuwa mchezo. Alizaliwa Korea mwaka wa 1923, akajijengea jina Japani, na ndiye baba wa Kyokushin, karate ambayo ilikataa mambo ya kusimamisha ngumi kabla haijagusa mtu. Huko unapigwa unasikia. Huvai glavu. Ngumi ya uso imekatazwa, lakini kifua, mbavu, tumbo na mapaja ni halali, na teke la kichwa linaruhusiwa.

Hizo sheria zilizaa tabia fulani. Kwa sababu uso uko salama na ngumi, wapiganaji wengi walikuwa wanakaribiana, kifua kwa kifua, wanatwangana mbavu hadi mmoja achoke. Na mashindano makubwa ya Kyokushin, kama yale ya kwanza ya dunia Tokyo mwaka wa 1975, hayakugawa watu kwa kilo. Msee mwembamba angeweza kupangwa na mtu mkubwa kama kabati. Ukiamua kubadilishana naye moja kwa moja, hesabu iko wazi: yeye ana nyama nyingi kuliko wewe.

Ashihara alipata mkanda mweusi mwaka wa 1964, kisha akawa mwalimu pale makao makuu. Alikuwa moto. Oyama alikuwa anapanga kumtuma Brazil akafundishe, safari ambayo kijana wa kisiwani hangeota. Halafu akaharibu. Akaingia vita vya mtaani, habari zikafika juu, Brazil ikaisha na akasimamishwa kwa muda. Alipokubaliwa kurudi, alitumwa Shikoku, kisiwa cha mbali na mambo ya jiji, kwa miji midogo kama Nomura na Yawatahama. Ni kama ulikuwa umeshapakia mzigo wa majuu, halafu unaambiwa shuka hapa, utafundisha kijijini.

Alichogundua huko

Shikoku ndiyo ilimtengeneza. Mbali na makao makuu, na wanafunzi wa kawaida mbele yake, wengine wadogo kwa mwili, alikuwa na swali moja la kujibu. Mtu mdogo atamwezaje mtu mkubwa bila kulala hospitali kila wikendi?

Jibu lake aliliita sabaki. Ni neno la Kijapani lenye maana karibu na kulimudu jambo vizuri. Kwa mwili iko hivi. Mtu akikurushia ngumi au teke, nguvu zake zote ziko kwa mstari mmoja, kutoka kwake kuja kwako. Ukirudi nyuma moja kwa moja, bado uko kwa huo mstari, na atakufuata tu. Ukisimama, umekula. Lakini ukipiga hatua moja ya mshazari, mbele na kando, mguu wa nyuma ukizunguka kufuata kama unachora kipande cha duara, utajikuta ubavuni mwake, hata karibu na mgongo. Ngumi yake imepita hewani. Yeye anatazama mahali ulipokuwa, na wewe unamtazama sikio.

Hapo ndipo mambo huanza. Kutoka hiyo kona anakosa mkono wa kukupiga na mguu wa kukupiga, na ili akupate ni lazima ageuke. Wewe una sekunde ya kumpiga teke la paja, goti la mbavu, au kumshika bega na shingo umzungushe hadi apoteze usawa na aanguke. Kwa hivyo duara la Ashihara halikuwa la kutoroka. Msee anayetoroka huenda mbali. Yeye alikuwa anaingia karibu zaidi, ila kwa mlango wa kando.

Kitu kingine alichofanya kilikuwa kubadilisha kata, zile hatua za kukariri. Aliunda za kwake zinazofanana na pigano lenyewe: epa, ingia kando, vuta, piga, angusha. Mwanafunzi akizirudia mara elfu, mwili unashika njia bila kuuliza kichwa.

Jina, halafu mlango kufungwa

Miaka ya 70 jina lake likaenda juu. Kitabu cha vibonzo kilichopendwa sana Japani, Karate Baka Ichidai, kilimweka ndani kama mhusika, na vijana wakamjua kama Ashihara wa vita. Mwaka wa 1978 mwanafunzi wake, Joko Ninomiya, akashinda ubingwa wa Japani nzima wa Kyokushin. Mbogi ya kisiwa cha mbali ilikuwa imefika Tokyo na kuchukua taji.

Lakini uhusiano wake na makao makuu ulikuwa umechacha. Mwaka wa 1980 alitolewa Kyokushin. Karibu miaka 20 ya jasho, na mlango ukafungwa. Hakukaa chini kulia. Mwaka huo huo akafungua shirika lake, Ashihara Kaikan, makao yakiwa Matsuyama, huko huko Shikoku alikotupwa zamani. Baadaye akatoa vitabu vyenye picha za kila hatua, na sabaki ikavuka bahari.

Kwa nini hii inatuhusu Kenya

Sisi tunajua bei ya kupigwa. Robert Wangila aliletea Kenya dhahabu ya ndondi Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988. Hadi leo hakuna Mkenya mwingine ameipata kwa ndondi. Julai 1994 alifariki Las Vegas kutokana na majeraha ya kichwa baada ya pambano. Alikuwa na miaka 26. Hakuna mtu anasema hakuwa fundi. Ila kila pigo la kichwa huacha deni, na mwili haulipwi na makofi ya mashabiki.

Ndiyo maana ile tabia ya mtaani ya kucheka msee anayeepa ni upuzi. Kusimama na kumeza makonde kunaonekana uanaume hadi ufike miaka 40 na huwezi kukumbuka jina la mtoto wako.

Pigo ambalo hakuweza kuepa

Sehemu ya mwisho ya stori ndiyo inauma. Ashihara alipatwa na ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli. Akili inabaki safi, lakini mkono unagoma, mguu unagoma, mwisho hata kupumua kunakuwa kazi. Fikiria mtu aliyejenga maisha yake yote juu ya hatua moja ya haraka, halafu hatua yenyewe inakataa kutoka. Aliaga Aprili 24, 1995, akiwa na miaka 50 pekee, mwaka mmoja baada ya Oyama. Mwanawe, Hidenori, akashika usukani wa Ashihara Kaikan.

Mwili ulisimama, lakini duara halikusimama. Ninomiya alianzisha Enshin huko Denver, Marekani, mwaka wa 1988, karate iliyojengwa juu ya sabaki. Mwanafunzi mwingine wa Ashihara, Kazuyoshi Ishii, alifungua Seidokaikan, na mwaka wa 1993 akaanzisha K-1, yale mashindano yaliyojaza viwanja Japani na kuonyeshwa kwa televisheni duniani.

Ukitaka kuonja kidogo, chora duara kwa chaki sakafuni, upana wa hatua mbili hivi. Beste asimame katikati akurushie ngumi pole pole. Wewe tembea kwa ule mstari wa duara, kila ngumi hatua moja ya mshazari, mikono juu, macho kwa kifua chake, usivuke miguu. Fanya upande wa kushoto, kisha wa kulia, chini ya jicho la mwalimu wako. Kasi ije baadaye. Wiki ya kwanza utahisi kama unacheza densi mbaya. Endelea tu, hadi siku ngumi itakuja na mguu wako utakuwa umeshaondoka.