Daktari wa Mulago aliyeuliza habari za choo

Tukiwahimiza kula dona na maharage, mjue ushauri huu una mizizi Afrika. Denis Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911, akapoteza jicho moja utotoni, lakini akawa daktari wa upasuaji, kwanza Lira kisha Mulago, Kampala. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu, hospitali hadi hospitali hadi Afrika Kusini, wakifuatilia uvimbe wa taya za watoto. Saratani hiyo leo inaitwa kwa jina lake.

Aliporudi Uingereza mwaka 1966, aliendelea kuwauliza madaktari wa misheni Afrika: kidole tumbo, mawe ya nyongo na saratani ya utumbo mpana mnaviona mara ngapi? Vijijini vilikuwa nadra. Akapima hata choo: cha wanakijiji kilikuwa kingi na kilipita upesi kuliko cha Waingereza waliokula mkate mweupe. Hakupatia kila jambo, ila faida ya nyuzinyuzi imethibitika. Alifariki mwaka 1993.

Nasi huku ugenini tumeukumbatia mkate uleule! Tukiwapima presha na sukari baada ya ibada, tuulizeni na habari za choo. Wauguzi hatuoni haya.