Malcolm X na nywele alizozichoma kwa hiari

Ukitazama picha za Malcolm X, utaona nywele fupi za kipilipili, zimekatwa karibu na ngozi. Miwani, tai, basi. Ni vigumu kuamini kwamba huyu jamaa aliwahi kupakwa kostiki kichwani na kuvumilia moto ili nywele zake zilale kama za Mzungu. Lakini alifanya hivyo, tena si mara moja. Ni kwa miaka.

Alizaliwa Omaha, Marekani, Mei 19, 1925, akaitwa Malcolm Little. Wazazi wake walikuwa wafuasi wa Marcus Garvey, yule aliyewahimiza watu weusi kote duniani wajivunie asili yao. Kwa hivyo usidhani hakufunzwa nyumbani. Shida ni kwamba nyumba yenyewe ilivunjika mapema. Babake alifariki 1931, mamake akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, watoto wakatawanywa. Shuleni alikuwa mwerevu, ila alipomwambia mwalimu kwamba angependa kuwa wakili, alishauriwa ajaribu useremala.

Mwaka wa 1941 akahamia Boston kwa Ella, dadake wa baba mmoja. Alifika akiwa mshamba kabisa, hata nywele zimenyolewa kishamba. Akapata rafiki, Shorty, aliyefanya kazi kwenye ukumbi wa pool huku akiota kuwa mpiga saksafoni. Wajanja wa mtaa wa Roxbury walivaa suti pana na kunyoosha nywele kwa mtindo ulioitwa konki. Jina tu lishakuonya. Shorty akamwambia asubiri kwanza zirefuke.

Zilipofika, akatumwa dukani: kopo la kostiki, mayai mawili, viazi viwili, Vaseline, sabuni na kitana. Kostiki ni ile ile ya kuzibulia sinki. Viazi vilikatwa vipande vyembamba ndani ya chupa, kostiki ikafuata, kisha mayai, na mchanganyiko ukapata moto wenyewe bila jiko. Akapakwa Vaseline nzito kichwani, shingoni na masikioni. Halafu dawa. Mwanzoni alihisi joto tu. Ghafla kichwa kikashika moto! Machozi, kamasi, matusi kwa Shorty, mbio hadi kwenye beseni la maji. Kama umewahi kukaa saluni ukiambiwa vumilia kidogo, bado dakika mbili, unamwelewa.

Alipojitazama kwenye kioo aliona nywele za singa, nyekundu, zimelala tuli. Uchungu wote akausahau.

Ndiyo mtego wenyewe huo. Mizizi huota, nawe unarudi. Aliendelea nayo hadi Harlem, ambako aliitwa Detroit Red, akicheza dansi, akiuza bangi na kuiba. Januari 1946 akakamatwa Boston, na mwezi uliofuata akaanza kifungo cha miaka 8 hadi 10.

Sasa sikiza. Nywele zilizopigwa dawa hazirudi zilivyokuwa. Kostiki huvunja viungo vinavyozipa mkunjo, na ukishavunja umevunja. Unachoweza ni kungoja mpya ziote, karibu sentimita moja kwa mwezi, kisha ukate zile za zamani. Yeyote aliyepitia hapo anaijua ile miezi ya katikati: juu singa, chini kipilipili, kitana kinakwama pale pale zinapokutana na nywele zinakatika. Wengine huchoka, wakanyoa zote siku moja.

Malcolm alikaa ndani miaka sita na nusu. Sitampamba, maana gerezani hapakuwa na Shorty wa kumchanganyia viazi. Nadhani nywele zilitangulia, akili ikafuata polepole. Alinakili kamusi kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa. Akasoma historia. Nduguze wakamwandikia kuhusu Elijah Muhammad na kundi la Nation of Islam, akajiunga. Alipotoka Agosti 1952, Detroit Red hakuwepo tena.

Baadaye, akihutubia watu Los Angeles mwaka wa 1962, aliwauliza ni nani aliyewafunza kuchukia nywele zao. Na alipokuwa akimsimulia Alex Haley maisha yake, hakuhesabu wizi wala bangi kuwa hatua yake ya kwanza kubwa ya kujidhalilisha. Alihesabu konki.

Mimi niliona ametia chumvi. Shangazi yangu hupiga dawa kila Desemba na hajidharau hata kidogo. Lakini Malcolm hakuwa akizungumzia fasheni. Alikumbuka akitabasamu mbele ya kioo, ngozi ya kichwa ikiwaka, kwa sababu tu ameanza kufanana na watu waliomwona hafai kuwa wakili. Hilo lilimuuma kuliko kostiki.

Oktoba 1964 alifika hapa Nairobi, baada ya kupitia Dar es Salaam. Wakati huo alishahiji Makka, ameanza kufuga ndevu, na nywele zake ni zile alizozaliwa nazo. Februari 21, 1965, akapigwa risasi New York akiwa na umri wa miaka 39. Kitabu chake kilitoka baadaye mwaka huo huo, na kisa cha viazi, mayai na kopo la kostiki kimo humo. Angeweza kukiacha nje.