Abul-Mawahib: Sultani wa Kilwa aliyevua nguo zake



Miongoni mwa watawala wa kisiwa cha Kilwa yuko Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abul-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa wingi wa utoaji wake. Alikuwa wa ukoo wa Mahdali, wenye asili ya Yemen, na alitawala takriban tangu mwaka 1310 hadi 1333. Tarehe ya kale ya Kilwa inaeleza kuwa katika ujana wake alikwenda kuhiji, akasoma Aden, na nduguye Daud akamshikia kiti mpaka aliporejea. Dhahabu ya Sofala ilipitia Kilwa. Ndiyo iliyojenga kasri la Husuni Kubwa, ambalo halikupata kukamilika, na sarafu yake moja imeokotwa Zimbabwe Kuu, mbali kabisa na pwani.

Ibn Batuta alifika Kilwa mwaka 1331, akawakuta watu wake ni Mashafii, wenye dini na wema. Anasimulia kwamba sultani alikuwa akipigana na watu wa bara na kuteka ngawira, akitenga khumsi yake kama Qur'ani ilivyoagiza, na fungu la jamaa za Mtume akiwawekea masharifu waliomjia kutoka Hijazi, Iraki na kwingineko. Alikaa na mafakiri, akala nao.

Ijumaa moja, akitoka msikitini, fakiri wa Kiyemeni alimwomba nguo alizovaa. Sultani hakusita. Aliingia nyumba ya khatibu, akazivua, akavaa nyingine, akampa. Mwanawe, mrithi wa kiti, akazikomboa kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyomshukuru, akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Sisi wahubiri hupenda kuishia kwenye nguo. Nami nimewahi kukisimulia kisa hiki mimbarini bila ya kuwataja wale ishirini, na sasa naona nilikosea. Nguo zilikuwa zake, naye alizitoa kwa moyo safi, inshallah. Lakini wale walikuwa wana wa Adamu, wenye mama zao, na aliyekwisha kusoma habari za vita vya bara hawezi kukwepa kuuliza walitoka wapi.

Alipofariki, Daud akatawala. Waombaji walipomjia, aliwajibu kuwa mtoaji amekufa na hakuacha kitu cha kutolewa. Wageni wakakaa miezi mingi, wakapata kidogo, mpaka wakaacha kubisha hodi mlangoni pake.