Arne Larsson
Arne Larsson (1915 – 2001) alikuwa mhandisi wa Uswidi na mtu wa kwanza duniani kupandikizwa betri ya moyo mwilini.

Mapigo ya moyo wake yalikuwa ya polepole mno hata akazimia mara nyingi kwa siku. Mkewe, Else-Marie, alimsihi daktari Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist wamsaidie. Alipasuliwa tarehe 8 Oktoba 1958 huko Solna, karibu na Stockholm. Kifaa hicho kilikufa baada ya saa chache tu. Vingine vilifuata, jumla 26, kwa kuwa betri huisha na kubadilishwa. Ndivyo ilivyo kwa wagonjwa hadi leo, wakiwemo wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Larsson hata hivyo alirudi kazini, akasafiri. Senning na Elmqvist walimtangulia kufa. Yeye alifariki kwa saratani ya ngozi, akiwa na umri wa miaka 86.