Kwame Nkrumah Katika Theluji

Wengi wetu tunamfahamu Kwame Nkrumah wa mwaka 1957, kiongozi aliyesimama jukwaani mjini Accra usiku Ghana ilipojinyakulia uhuru. Nkrumah mwanafunzi, mwenye njaa na viganja vilivyokufa ganzi, hatajwi sana.

Alizaliwa Nkroful mwaka 1909, akasomea ualimu Achimota, akafundisha kwa miaka kadhaa. Mwaka 1935 aliabiri meli kwenda ng'ambo kwa fedha alizochangiwa na jamaa. Alipitia London kutafuta viza ya Marekani, na huko ndiko alikopata habari kwamba Italia imeivamia Uhabeshi. Nadhani habari hiyo ilimchoma kuliko baridi yoyote aliyoikuta baadaye.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, kilichoasisiwa mwaka 1854 kwa ajili ya vijana weusi. Karo ilimshinda. Likizo za kiangazi alichuuza samaki Harlem, akafanya kibarua katika kiwanda cha sabuni kilichonuka mizoga, akaosha vyombo melini. Kuna nyakati alizokosa hata pa kulala. Alikata tiketi ya senti tano ya treni ya chini ya ardhi mjini New York, akasafiri kati ya Harlem na Brooklyn hadi kukapambazuka.

Kisha ikaja theluji. Sisi tulioisoma vitabuni tu huidhania nyororo kama pamba. Yeye aliijua kazini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliajiriwa katika kiwanda cha kuunda meli huko Chester, zamu ya kuanzia saa sita usiku hadi saa mbili asubuhi, nje, katika kila hali ya hewa. Alivaa nguo zote alizokuwa nazo, na bado baridi ilimpenya hadi mifupani. Mikono ilikaribia kugandamana na chuma. Mchana ulikuwa wa vitabu. Mwili ulisalimu amri, akalazwa hospitalini kwa homa ya mapafu. (Nasi hulalamika maji ya moto yakikosekana bwenini!)

Hata hivyo, masomo hayakulala. Shahada ya kwanza aliipata mwaka 1939, ya theolojia mwaka 1942, na mbili za uzamili katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1942 na 1943. Wapo wanaodai kuwa siasa zake zilitokana na vitabu alivyosoma. Mimi siafiki kikamilifu. Aliyefanya kazi usiku kucha katika baridi kama hiyo hahitaji kufafanuliwa unyonyaji ni nini.

Mwaka 1945 alihamia London, na Oktoba mwaka huo akawa miongoni mwa waandaaji wa Kongamano la Tano la Umajumui wa Afrika mjini Manchester, pamoja na Jomo Kenyatta wetu. Mengine yanajulikana: uhuru, kisha mapinduzi ya 1966 yaliyompeleka uhamishoni Guinea. Alifariki mjini Bucharest, Romania, tarehe 27 Aprili 1972. Alizikwa kwanza Guinea, ndipo mwili ukarudishwa Nkroful.