Lord Kelvin: Aliyegundua siri ya waya unaovutwa

MWANAFIZIKIA William Thomson, anayefahamika zaidi duniani kwa jina la Lord Kelvin, alizaliwa Juni 26, 1824 mjini Belfast, Ireland. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Glasgow, Scotland, akiwa na umri wa miaka 10 tu, na alipofikisha miaka 22 akawa profesa hapo hapo, wadhifa alioushika hadi mwaka 1899.

Mwaka 1856 aliieleza Royal Society ya London kwamba waya wa chuma au wa shaba ukivutwa, ukinzani wake kwa umeme huongezeka. Wachache walilitilia maanani jambo hilo. Sifa alizipata kwa kebo ya telegrafu iliyopitishwa chini ya Bahari ya Atlantiki, iliyomletea cheo cha Sir mwaka 1866.

Alifariki dunia Desemba 17, 1907, bila kuona matunda ya ugunduzi ule. Mwaka 1938, nchini Marekani, Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja kivyake, walitengeneza kipimo cha waya mwembamba wa kubandikwa.

Leo vipimo vya aina hiyo hubandikwa juu ya chuma, kisha tundu dogo hutobolewa katikati yake. Chuma kinachobaki hujinyoosha au kujibana kidogo, ukinzani hubadilika, nao wahandisi hukokotoa mkazo uliojificha humo tangu kilipochomelewa. Mkazo huo hauonekani kwa macho, lakini huweza kuchangia kupasuka kwa daraja, bomba au reli.