Paul Sabatier: Profesa aliyeikataa Paris, vichocheo vyake bado vinapiga kazi

Kiwanda kikitengeneza tani 10 za dizeli ya mimea, karibu tani moja ya gliserini hubaki kama taka. Ni chafu, na kuisafisha ni gharama.

Wanakemia wana dawa yake. Wanaikutanisha na haidrojeni mbele ya madini kama shaba au nikeli, na inageuka kuwa propilini glaikoli, kimiminika chenye soko viwandani. Madini hayo huitwa vichocheo: yanaharakisha kazi, yenyewe hayaliwi.

Aliyefungua njia hiyo ni Mfaransa, Paul Sabatier.

Alizaliwa Novemba 5, 1854, mjini Carcassonne, kusini mwa Ufaransa. Alisoma Paris, akawa msaidizi wa mwanakemia mkubwa Marcellin Berthelot, akapata udaktari mwaka 1880. Miaka minne baadaye alikuwa profesa Toulouse, na hapo ndipo alipoweka kambi ya maisha.

Mwaka 1897, yeye na Padri Jean-Baptiste Senderens walipitisha gesi ya ethilini juu ya unga wa nikeli ya moto. Kilichotoka kilikuwa na gesi nyingine, ethani. Kumbe nikeli ilikuwa imeiunganisha ethilini na haidrojeni! Wakarudia kwa makusudi, wakichanganya gesi hizo mbili, na ikakubali tena.

Wakati huo wengi waliamini kichocheo hunyonya gesi tu, kama sponji. Sabatier alikataa. Kwake, kichocheo ni kama mshenga: anashikana na pande zote kwa muda, anawaunganisha, kisha anajitoa. Akishika kwa nguvu mno, kazi inakwama. Akilegea mno, hakuna ndoa. Wanaotafuta kichocheo kizuri cha gliserini leo bado wanapima hivyo hivyo.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Mke wake alifariki mwaka 1898, akamwachia mabinti wanne. Hakuoa tena.

Pesa nazo zilienda kwingine. Mjerumani Wilhelm Normann ndiye aliyepata hataza ya kugandisha mafuta ya maji kwa nikeli mwaka 1902, na viwanda vya majarini vikafuata njia hiyo.

Mwaka 1907 Paris ilimwita kurithi nafasi za vigogo wawili waliofariki, Moissan na Berthelot. Akagoma kuhama. Kwa msomi wa Kifaransa enzi hizo, kukataa Paris ilikuwa kama kujifungia mlango, maana Akademia ya Sayansi ilitaka wanachama wanaoishi huko.

Lakini mlango ulifunguka. Mwaka 1912 alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Victor Grignard. Mwaka uliofuata, Akademia ilipotenga viti kwa wasomi wa mikoani, yeye akawa wa kwanza kuchaguliwa.

Doa moja lilibaki. Padri Senderens, aliyesimama naye maabara tangu mwanzo, hakuwamo kwenye tuzo ile.

Sabatier alifariki Toulouse Agosti 14, 1941, akiwa na miaka 86. Baadaye chuo kikuu mjini humo kilipewa jina lake. Na mbali zaidi, kwenye kituo cha anga za juu, mmenyuko wake wa mwaka 1902 umetumika kugeuza hewa chafu inayotolewa na wanaanga kuwa maji.